Baba si mlevi, wala hajarogwa!

Wiki hii naomba tuweke pembeni habari za mapenzi na mitindo ya nywele, nina swali. Hivi ukimwona mzee anakatiza mitaa ya Ngamiani pale Tanga, anaburuza miguu kama aliyevaa kandambili zisizo zake, mkono mmoja unatetemeka, ukimwamkia anajibu kitu hukisikii, uso umekauka kama amekasirika, utasema nini? Sema ukweli wako! Vijana wa kijiweni nawajua, watasema mzee kagonga vitu. Kina mama wa barazani watashusha sauti na kusema kuna mkono wa mtu. Na wale wanaojifanya wanajua kila kitu watasema kiharusi.

Wote hawajapatia.

Mzee huyo anaweza kuwa na ugonjwa wa Parkinson. Nasema anaweza kuwa, maana mimi si daktari. Mimi ni mtoto wa mzee wa aina hiyo, na kwa miaka mitano nimeyaona na kuyasikia mengi hadi nimeona leo niyatoe.

Baba yangu kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa dalali wa mnada wa samaki pale Deep Sea. Wewe usiyepajua, Deep Sea ndiko wavuvi wa Tanga wanakoshusha mzigo, na mnada ule si mahali pa mtu wa kunong'ona. Wachuuzi wanapiga kelele, baiskeli zinagombea njia, mama anapita na chupa ya chai, kunguru juu, paka chini. Katikati ya vurugu hiyo Baba anapanda juu ya kreti na kuita: "Changu fungu elfu kumi! Kumi na mbili! Nani kasema kumi na tatu?" Hakuwa na mashua, hakuwa na nyavu, hakuwa na banda. Mtaji wake ulikuwa koo.

Watu wengi wanadhani ugonjwa huu unaanza na kutetemeka. Kwa Baba ulianza puani. Siku moja alirudi nyumbani na nguru, Mama akafungua mfuko, akarudi nyuma hatua mbili. Samaki kaoza! Baba, mtu aliyekuwa anamjua samaki wa jana kwa kupita tu karibu yake, hakusikia harufu yoyote. Tukacheka, tukasema mafua.

Likafuata daftari lake la hesabu. Kaka yangu analo mpaka leo. Kurasa za mwanzo mwandiko ni wa kujidai, herufi zimenona. Kadiri unavyofunua ndivyo zinavyokonda, mpaka kurasa za mwisho utadhani sisimizi wamepita na wino. Halafu mkono wa kushoto ukagoma kupunga anapotembea. Halafu sauti. Wachuuzi wakawa wanamwambia, "Mzee, bei gani? Sema basi!" Yeye anaapa kwamba amesema, tena kwa nguvu. Kutetemeka kulikuja mwisho kabisa, na ndiko watu walikokuona.

Hapo ndipo kasheshe ilipoanza. Ikasemwa Baba anakunywa. Baba huyu ambaye hata togwa iliyolala hagusi! Anaswali msikitini safu ya mbele, na bado kuna waliosogea kando wasisimame naye bega kwa bega. Shangazi yangu naye akaja na lake: kuna mtu amelitamani kreti lile la mnada, kamfunga kaka yake koo. Akampeleka kwa fundi upande wa Pangani. Baba akanywa kombe, akafukizwa, akaambiwa ni jini wa baharini anadai kiti. Mbuzi mweusi akatoka. Koo halikufunguka.

Tukamrudisha mjini, kwenye kituo kimoja cha matibabu ambacho jina nalihifadhi. Wakasema, "Mzee, huu ni uzee, kapumzike." Alikuwa na miaka 61.

Aliyetuokoa ni daktari mmoja wa hospitali ya rufaa ambaye wala hakuanza na mashine. Alimwambia Baba agonganishe kidole gumba na cha shahada, haraka haraka, na avitanue sana. Vidole vikaanza vizuri, vikapungua, vikapungua, vikasimama. Akamwambia atembee kwenye korido, ageuke, arudi. Akampa karatasi aandike sentensi moja. Akamshika mkono na kuukunja taratibu kwenye kiwiko, akasikiliza ugumu wake. Basi! Ugonjwa huu hauna kipimo cha damu cha kawaida unachopewa majibu jioni. Daktari anaujua kwa kuuliza na kuangalia. Ndiyo maana asiyejua cha kuangalia atakwambia uzee.

Na usidhani ni sisi wa pwani tu tuliokimbilia kwa waganga. Uganda kule kwa Waganda kuna kitu wanakiita obuko, kutetemeka kunakosemekana kumpata mtu aliyevunja mwiko wa ukwe, kwa mfano mkwe na mamamkwe kugusana. Ukianza kutetemeka watu hawakuulizi unaumwa nini, wanakuuliza ulifanya nini! Kuna kikundi cha wagonjwa na familia zao kimejiita Parkinson's Si Buko, jina hilo tu limeshawajibu majirani.

Sasa huyo Parkinson ni nani? Ni daktari Mwingereza wa London, James Parkinson, aliyeandika mwaka 1817 juu ya watu aliowaona wakitetemeka na kutembea wameinama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 wenye ugonjwa huu duniani walikuwa zaidi ya milioni 8.5. Wengi ni watu wazima, lakini wewe kijana usijione uko salama sana. Michael J. Fox, yule wa filamu za Back to the Future, aliambiwa anao mwaka 1991 akiwa na miaka 29.

Daktari wetu alitueleza hivi. Ndani kabisa ya ubongo kuna chembe zinazotengeneza kemikali inayoitwa dopamini. Mwili unaitumia, pamoja na mambo mengine, kujipimia ukubwa wa mwendo: hatua iwe ndefu kiasi gani, mkono upande hadi wapi, herufi iwe na tumbo kiasi gani. Chembe hizo zikifa, kila kitu kinatoka kidogo. Na sauti nayo ni mwendo, msomaji wangu! Kifua kinasukuma pumzi, koo linabana, ulimi unacheza, midomo inafunguka. Kwa hiyo herufi zilizokonda, hatua zilizofupika na bei za changu zisizosikika yalikuwa mambo mamoja. Tulihangaika na koo kivyake na miguu kivyake, kumbe mwizi ni mmoja.

Kama kuna mtu aliyejulikana duniani kwa mdomo na miguu, ni Muhammad Ali. Ulingoni alicheza kama mwenye springi, nje ya ulingo hakuna aliyemweza kwa maneno. Februari 1980 alikuja hapa hapa Dar es Salaam, katumwa na Rais Carter wa Marekani awashawishi Waafrika waisusie Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye. Mwaka 1984 ndipo ikatangazwa kwamba ana Parkinson. Mwaka 1996 alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, dunia nzima iliuona ule mkono unavyotetemeka. Mpaka anafariki Juni 2016, ugonjwa ulikuwa umemnyang'anya vile vile viwili vilivyompa jina. Baba alipoambiwa ana ugonjwa wa Muhammad Ali alikaa kimya kidogo, halafu akatabasamu upande mmoja. Nadhani ilimsaidia kuliko kidonge cha kwanza.

Tuje kwenye vidonge. Dawa kubwa ni levodopa, ambayo ikifika ubongoni inageuzwa kuwa dopamini. Kwa Baba ilileta nafuu ambayo Mama aliiita muujiza: akaanza kufunga vifungo vya shati mwenyewe. Lakini dawa hii ina vituko vyake. Inagombea njia moja na protini, kwa hiyo ukiimeza juu ya sahani ya samaki na maharage, inaweza kuchelewa kufanya kazi. Mwambie mtu wa Deep Sea akae mbali na samaki! Tukapangiwa: kidonge kwanza, chakula baada ya nusu saa au zaidi. Na kituko cha pili, ambacho ndicho kilichotufanya tuhangaike zaidi, ni kwamba vidonge huwa vinaisaidia miguu na mikono kuliko sauti. Baba akawa anatembea vizuri zaidi, lakini ukimpigia simu unasikia upepo.

Hapo ndipo tulipojua kwamba daktari peke yake hatoshi.

Mtu wa kwanza alikuwa dada mmoja wa fizio pale pale Tanga, mwembamba, mkali kama pilipili mbuzi. Alipomwona Baba ananata mlangoni (maana hiyo nayo ilikuwa imeanza, anafika kwenye kizingiti miguu inagoma kama imegundishwa kwa gundi) hakumvuta mkono. Alituzuia kabisa tusimvute, tutamwangusha. Akaomba kitu cha kutandika chini. Mama akaleta ukili aliokuwa anasuka mkeka, yule dada akaukata vipande na kuvipanga kukingama njia kutoka chumbani hadi uani, kipande hadi kipande urefu wa hatua nzima. Akamwambia Baba, "Usitembee, mzee. Ruka mistari." Wee! Mtu aliyekuwa anapiga vihatua vya njiwa akavuka korido nzima kwa hatua za kiume.

Si uchawi huo. Mwendo wetu wa kila siku unaendeshwa na sehemu ya ubongo tusiyoifikiria, na ndiyo iliyoharibika. Ukiweka mstari wa kuonekana au mdundo wa kusikika, ubongo unapita njia nyingine, ile ya makusudi. Tena jambo hili limefanyiwa kazi hapa hapa nchini. Wataalamu wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba wilaya ya Hai, Kilimanjaro, kwenye eneo la watu zaidi ya 160,000, na mwaka 2008 wakachapisha kwamba wamepata wagonjwa 33, wengi wao hakuna aliyewahi kuwaambia wanaumwa nini. Miaka miwili baadaye wakatoa matokeo mengine: wagonjwa wa kaskazini ambao hawajawahi kumeza dawa ya Parkinson walifundishwa kutembea kwa kufuata vidokezo vya aina hiyo, na mwendo wao ukaboreka. Bila kidonge hata kimoja! Hebu fikiria kijijini ambako hiyo levodopa haijulikani hata rangi yake.

Nisisahau kisa cha baiskeli. Tanga ni mji wa baiskeli, hilo halina ubishi, na Baba hajaacha yake. Sasa mtaani ikawa vita mpya. Mzee huyu huyu anayeshindwa kuvuka kizingiti cha nyumba yake, mkimpandisha baiskeli anaondoka mbio hadi Chumbageni! Watu wakasema anaigiza ili asamehewe madeni. Nilichemka. Nikamuuliza yule dada wa fizio, akacheka, akasema hilo lilishawashangaza wakubwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uholanzi waliandika habari za mgonjwa wao wa miaka 58 aliyekuwa hawezi kupiga hatua chache bila kuanguka, lakini baiskeli anaendesha kama kijana, akishuka tu miguu inanata tena. Inaonekana pedali zenyewe zinampa mtu mdundo. Kwa hiyo Baba anaruhusiwa, ila mdogo wangu anamfuata nyuma, maana shida iko kwenye kupanda na kushuka, na bodaboda hawamjui nani mgonjwa.

Mtu wa pili ilibidi tumtafute Dar. Wataalamu wa usemi nchini ni wachache mno, na wengi wetu hata hatujui kwamba kuna kazi kama hiyo. Chuo Kikuu cha Muhimbili sasa kinaifundisha, kwa hiyo huenda miaka ijayo mambo yatakuwa nafuu. Baba akaja kwangu Sinza, chumba na sebule, tukakaa naye mwezi mzima. Mimi nililala sebuleni, na sijuti.

Kuna njia ya mazoezi ya sauti iliyoanzia Marekani mwaka 1987. Ilipewa jina la mama mmoja mgonjwa, Lee Silverman, ambaye familia yake ilikuwa inataka kitu kimoja tu: imsikie anachosema. Ni saa moja kwa siku, siku nne kwa wiki, wiki nne. Mtaalamu wetu alifuata mtindo unaofanana na huo. Baba anavuta pumzi, anasema "Aaaaa" kwa nguvu hadi pumzi iishe. Tena. Tena. Halafu sauti ya juu, halafu ya chini. Halafu anachagua sentensi kumi anazozitumia kila siku na kuzisema kwa sauti ile ile. Unadhani mzee wangu alichagua nini? Saba kati ya kumi zilikuwa bei za samaki! "Kolekole elfu kumi na tano!" ndani ya Sinza saa mbili asubuhi. Jirani mmoja alikuja na beseni.

Jambo lililonishangaza ni hili. Mtaalamu aliweka simu mezani yenye programu ya kupima ukubwa wa sauti. Baba akaambiwa aongee kawaida, namba ikawa ndogo. Akaambiwa apaze. Akapaza, akaona haya, akasema, "Mwanangu, nitaonekana nagombana." Tukatazama namba: alikuwa anaongea kama mimi ninavyokuagiza chumvi. Kumbe ugonjwa haupunguzi sauti tu, unaharibu na mizani ya kuipimia! Masikio yake yanamwambia anapiga kelele wakati ananong'ona. Miaka yote tunamwambia "ongeza sauti", yeye anaona tunamwonea. Dawa yake si kugombezwa, ni kuzoea kwamba hicho anachokiona kelele ndicho sauti yenyewe.

Sasa sikia mgogoro ulipotokea. Tuliporudi Tanga, fizio alimwambia Baba, "Ukitembea, fikiria miguu tu." Mtaalamu wa Dar naye alishamwambia, "Ukiongea, fikiria sauti tu." Sawa. Lakini binadamu anatembea huku anaongea! Baba akisalimiwa njiani miguu inasimama. Akilazimisha kwenda, sauti inazama. Mambo mawili kwa pamoja ubongo hauyawezi. Kila mtaalamu alikuwa na haki kwake, mgonjwa wetu akabaki katikati kama mpira wa Coastal Union na African Sports.

Ndipo yule dada mkali akafanya kitu ambacho mpaka leo namwombea dua. Akachukua simu yangu, akampigia mwenzake wa Dar. Waliongea dakika arobaini, vocha yangu! Wakakubaliana neno moja litumike na wote: KUBWA. Si "nyanyua mguu", si "paza sauti", si "nyoosha mgongo". Kubwa tu, kwa mdomo na kwa miguu. Na wakakubaliana mpango: wiki za kwanza kila kitu kivyake, halafu viunganishwe kidogo kidogo. Kuunganisha kwenyewe Baba ndiye aliyekupatia jina, alikuita mnada wa miguu. Anavuka vipande vya ukili, na kila hatua anaita bei inayopanda: "Mia moja! Mia mbili! Mia tatu!" Hatua inaisukuma sauti, sauti inaipigia miguu ngoma. Akifika uani ameuza mzigo wote.

Wenzetu walioendelea wanafanya hivi kwa utaratibu. Uholanzi tangu 2004 wana mtandao unaoitwa ParkinsonNet ambao wataalamu wake, wa viungo, wa usemi na wengineo, wamefundishwa ugonjwa huu mahsusi na wanajuana. Brooklyn, Marekani, tangu 2001 wana madarasa ya dansi ya wagonjwa hawa. Indianapolis wana ndondi tangu 2006, wanapiga mfuko, hawapigani. Mimi nikiyasoma hayo nasema, sisi wa Tanga tutakosa nini? Mji wa taarab tunakosa mdundo? Nilimwekea Baba nyimbo za zamani za Black Star kwenye simu atembee nazo. Nyingine zinamfaa, nyingine za taratibu mno zinamlaza. Atomic Jazz ndio wanaomwendesha vizuri.

Kuna na hili la upupu. Ndiyo, upupu huo huo unaowasha, uliotukimbiza porini utotoni! Mbegu zake zina levodopa ya asili, jambo lililojulikana kisayansi tangu 1937, na watafiti wameziangalia kama tiba ya wasioweza kununua vidonge. Shangazi aliposikia hivyo akataka kwenda kuchuma siku hiyo hiyo, huku akisema si unaona, miti shamba. Daktari akamsihi: kiasi cha dawa ndani ya mbegu hakilingani, ukikosea unamtapisha mgonjwa, unamshusha presha, na ukichanganya na vidonge ndiyo balaa. Shangazi amenuna mpaka leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilikuwa linaninyima usingizi. Mwaka jana mimi niliolewa. Wewe wa dini nyingine nikujuze: kwetu anayemwoza binti ni baba yake. Anashikana mkono na bwana harusi msikitini na kutamka kwamba nimekuoza binti yangu fulani kwa mahari kadhaa, na mashahidi wasikie. Wasikie! Baba asiyeweza kutamka anaweza kumpa shekhe uwakala, ni halali kabisa, na ndicho ukoo ulichotaka. Kikao kikakaliwa Makorora. Baba mdogo akasema tuepuke aibu, msikiti utajaa wageni kutoka Muheza na Korogwe, mzee ataanza kutetemeka. Shangazi akaunga mkono. Baba alikuwa amekaa pembeni, wanamwongelea kama hayupo, ndivyo wagonjwa hawa wanavyofanyiwa kwa kuwa uso hauonyeshi kitu na kujibu kunachelewa. Walipomaliza wote, akajibu. Alivuta pumzi kama alivyofundishwa, na akasema neno moja lililowafanya kuku watoke mbio uani:

"Nitaoza!"

Kwa wiki sita sentensi ile ya nikaha ikaingia kwenye zile kumi, ikaitoa kolekole. Yule dada wa fizio akapanga hata saa: kidonge kimezwe saa tisa na nusu, ndoa baada ya alasiri, ili wakati wa kushikana mikono dawa iwe kileleni. Akaenda mwenyewe kuangalia mlango wa msikiti mahali Baba atakapoacha viatu, maana kizingiti ni kizingiti hata cha nyumba ya Mungu. Mama akashona kipande cha ukili chini ya busati. Mimi nilikuwa ndani nimejifunika ushungi, mikono ina hina hairuhusiwi kushika kitu, mdogo wangu kaacha simu wazi mfukoni mwa kanzu. Nikasikia kikohozi, kimya, kimya kirefu sana, shoga zangu wamenikodolea macho. Halafu sauti ya Deep Sea. Jina langu na la babu yangu na mahari hadi senti ya mwisho! Mume wangu anasema alishtuka akakaribia kujibu bei.

Sitaki uondoke na picha kwamba amepona. Ugonjwa huu haujapata dawa ya kuumaliza. Mazoezi ukiyaacha wiki mbili, sauti inarudi shimoni. Mwezi uliopita alianguka chooni. Kula nako kumekuwa kazi, koo lile lile la kuongea ndilo la kumeza, na chakula kikipotea njia kinaingia mapafuni na kuleta homa mbaya. Kwa hiyo anakula amekaa wima, tonge dogo dogo, na hatumpigishi soga mdomo ukiwa umejaa. Mama amechoka, hilo hasemi ila naliona. Usiku Baba anapiga kelele na mateke usingizini kwa sababu ya ndoto, nayo imo kwenye ugonjwa. Na vidonge, bei yake usiulize, kuna miezi duka zima la dawa hawana, tunatumiana kwa basi kutoka Dar.

Mnadani hajarudi, na sidhani kama atarudi. Lakini vijana wa Deep Sea wamemwekea kiti, anakwenda na baiskeli yake siku mbili kwa wiki, na wakibishana bei wanamwachia yeye aitaje.

Mtaalamu wa Dar aliagiza tusimwache aongee na watu wa nyumbani tu, maana wale wameshazoea kumsikia kwa kukisia. Awe na mtu wa mbali ambaye asipopaza hasikiki. Mtu huyo ni mimi. Kila siku saa moja jioni simu inaita, naiweka spika naendelea kupika. Juzi mwenye nyumba wangu alinisubiri mlangoni, akaniuliza kwa huruma ni nani huyo mzee anayenigombeza kila jioni, na kama nina shida nimwambie. Nikamwambia ni Baba, ananiuliza kama nimekula.